Kabla ya Masika: Mwongozo kwa Wanaosimamia Barabara

Machi 2020 barabara kuu ya Morogoro–Dodoma ilikatika Kiyegeya, wilayani Gairo, na malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo yakapanga foleni pamoja na mabasi ya mikoani. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, na watu wa Lindi na Mtwara wakakosa njia ya kufika Dar kwa gari. Msimu huohuo Mto Tana ulifunika barabara ya kuingia Garissa, na Ziwa Tanganyika lilipanda hadi kwenye mitaa ya Bujumbura na barabara inayokwenda Uvira.

Mwongozo huu ni wako wewe meneja wa TARURA wilayani, mhandisi wa kaunti, msimamizi wa TANROADS au KeNHA mkoani, na wewe diwani unayepitisha bajeti bila kuwa mhandisi. Mabadiliko ya tabianchi yana mikutano yake na mikakati yake mirefu. Ofisini kwako yanafika kwanza kama maji: mengi kwa wakati mmoja, mahali ambapo bomba lilikuwa dogo tangu siku ya kwanza.

Ukishika jambo moja tu humu, shika hili: usirudishe kilichosombwa vilevile kilivyokuwa. Fedha za dharura huja na haraka. Mkandarasi analeta mabomba ya kipenyo kilekile, anayalaza palepale, anashindilia udongo uleule, na kabla miaka mitatu haijapita maji yamechukua tena. Wananchi wanalipia kalavati moja mara mbili, mara tatu, na kila mara fedha hizo zimetolewa kwenye barabara nyingine ambayo haikufikiwa kabisa.

Fungua daftari la sehemu korofi

Kazi hii haihitaji mfadhili wala mshauri mwelekezi. Inahitaji daftari, simu yenye GPS, kamba ya kupimia na mtu anayekwenda barabarani mara tu maji yanapopungua. Akichelewa wiki moja, alama zimefutika.

Mfundishe kusoma alama hizo. Majani makavu, mifuko na vipande vya miti vilivyonasa kwenye matawi ya vichaka vya kando vinaonyesha maji yalifika wapi; pima kutoka hapo hadi usawa wa barabara. Mstari wa matope kwenye ukuta wa nyumba ya jirani unasema hivyohivyo. Kisha ashuke upande maji yanakokwenda, kwa sababu makalavati mengi hufia huko. Maji yakitoka kwenye bomba kwa kasi huchimba shimo mbele ya mdomo, shimo linarudi nyuma taratibu chini ya ukuta, ukuta unabaki unaning'inia, halafu mvua moja ya usiku inamaliza. Aliyesimama juu ya barabara asubuhi ataandika kwamba maji yalikuwa mengi. Aliyeshuka chini ataandika kwamba mdomoni hapakuwa na sakafu ya mawe. Ni taarifa mbili tofauti, na tiba zake ni tofauti.

Kwa kila sehemu korofi andika tarehe, kilomita, kina cha maji juu ya barabara, njia ilifungwa kwa saa ngapi, maji yalileta nini (mchanga, magogo, chupa za plastiki), na ilikugharimu kiasi gani kufungua. Andika pia nani alikatwa. Zahanati? Shule? Mnada wa ng'ombe? Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokusaidia mbele ya madiwani, maana kila mmoja atataka kata yake ianze.

Usikae ofisini ukasubiri watu walete habari. Dereva wa bodaboda anayelala macho kwa ajili ya abiria wa hospitali anajua ni saa ngapi baada ya mvua kuanza mlimani maji hufika kwenye kivuko. Mama ntilie mwenye banda karibu na daraja anajua kama maji ya mwaka huu yalipita ya mwaka wa El Niño ya 1997. Hizo ni kumbukumbu za miongo, na vituo vya kupimia mito tulivyonavyo ni vichache mno kushindana nazo.

Mafuriko ya miaka 50 yanaweza kuja mwakani

Kwenye michoro utakuta imeandikwa kwamba daraja limesanifiwa kwa mafuriko ya miaka 50. Watu wengi huelewa kwamba yakishapita mara moja, kinachofuata ni nusu karne ya usalama. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka upo uwezekano wa asilimia 2 wa maji kufika kiwango hicho au kukipita. Katika maisha ya miaka 20 ya barabara, uwezekano wa kukutana nayo angalau mara moja ni karibu asilimia 33. Kalavati lililosanifiwa kwa mafuriko ya miaka 25 lina asilimia 56. La mafuriko ya miaka 10, ambalo ndilo la kawaida kwenye barabara nyingi za vijijini, lina asilimia 88, na hapo hatuwezi kuita ajali.

Hesabu hizo zinachukulia kwamba mvua za kesho zitafanana na za jana. Hazitafanana. Hewa ikipata joto la nyuzi 1 ya Selsiasi zaidi, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa takriban asilimia 7, na mvua nzito za muda mfupi hupata nguvu. Huku nyuma, wasanifu wetu bado wanategemea sana modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki iliyotolewa na maabara ya TRRL ya Uingereza mwaka 1976, kutokana na vipimo vya mito midogo ya Kenya na Uganda. Ilikuwa kazi nzuri, na bado inafaa kuanzia. Lakini tangu hapo ardhi yenyewe imebadilika. Sensa ya 1978 ilihesabu watu wasiofika milioni 1 Dar es Salaam. Ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Mvua iliyokuwa ikinywewa na mashamba na mapori sasa inaanguka juu ya mabati, lami na nyua za saruji, na inafika mtoni kabla hata haijaisha kunyesha.

Ufanye nini, kama huna modeli mpya ya tabianchi ya wilaya yako? Panda ngazi moja. Kama mwongozo wa usanifu unakuruhusu mafuriko ya miaka 10, sanifu kwa 25, halafu jiulize kitatokea nini yakija ya 50. Mara nyingi ongezeko la gharama ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Bomba la milimita 900 lina nafasi ya kupitisha maji mara 2.25 ya bomba la milimita 600, lakini kuchimba, kusafirisha mtambo, kumlipa msimamizi na kujenga kuta za mdomoni hakuongezeki mara 2.25. Kuna faida nyingine ambayo haimo kwenye fomula: kwenye bomba la 600 mtu hawezi kuingia kusafisha, kwa hiyo likiziba katikati limeziba. Kwenye la 900 kijana anaingia na koleo.

Pia acha mtindo wa kupanga mabomba madogo manne kwa safu mahali penye magogo na takataka. Gogo moja likilala mbele ya safu hiyo limefunga yote. Uwazi mmoja mpana hupitisha.

Amua mwenyewe maji yapite wapi

Hakuna bajeti itakayojenga kila kivuko kiwe kikubwa kuliko mvua. Kwa hiyo swali la pili katika kila usanifu liwe: maji yakizidi uwezo wa tundu, yatakwenda wapi? Usipolijibu wewe, maji yatalijibu. Yatatafuta sehemu dhaifu ya tuta, na mara nyingi hiyo ni ile iliyo karibu na daraja lenyewe, kwenye udongo mpya ulioshindiliwa haraka.

Jibu la bei nafuu ni kushusha sehemu moja ya barabara kwa makusudi, mita 30 au 40 mbali na daraja, ukaiimarisha kwa zege au mawe pande zote mbili ili maji ya ziada yapite juu yake bila kuichimba. Barabara itafungwa kwa saa chache. Lakini yakipungua, barabara ipo.

Kwenye mito ya msimu, drifti ya zege, yaani kivuko ambacho maji hupita juu yake, ni bora kuliko kalavati ambalo kila mwaka linajaa mchanga. Ipe heshima inayostahili: ukuta wa kuzuia kuchimbwa ushuke upande maji yanakokwenda, sakafu ya mawe au gabioni (mawe yaliyofungwa ndani ya waya) ifuate, na nguzo za kupimia kina zipakwe rangi nyeupe na nyekundu ili dereva aone kabla ya kuingia. Kaunti ya Makueni nchini Kenya imekwenda mbele zaidi. Huko baadhi ya drifti zimejengwa bila matundu, zikiwa juu kidogo ya kitanda cha mto. Mchanga unajikusanya upande wa juu, maji yanabaki ndani ya mchanga baada ya mvua, na wananchi wanachimba visima pembeni. Kivuko kimoja kimekuwa barabara na bwawa la mchanga kwa wakati mmoja. Katika maeneo yenye mito mikavu kama Dodoma, Singida au Kitui, sijui kwa nini kila kivuko kipya kisianze kwa kuulizwa kama kinaweza kuwa bwawa pia.

Mahali penye mawe mazuri na mafundi wa kuyachonga, fikiria daraja la mawe la upinde. TARURA imeyajenga kwa wingi, Kigoma ikiwa miongoni mwa mikoa iliyoanza mapema. Hayahitaji nondo za kuagizwa, yanagharimu sehemu tu ya daraja la zege la ukubwa huo, na fedha nyingi zinabaki mikononi mwa mafundi na wapasua mawe wa hapohapo. Upinde uliojengwa vizuri unabeba lori, na mawe hayapati kutu.

Kwenye miinuko mikali, achana na changarawe. Kila masika inashuka bondeni na kila kiangazi unairudisha kwa malori. Weka zege kwenye mwinuko wenyewe, hata kama ni njia mbili nyembamba za magurudumu, na changarawe ibaki tambarare. Joto nalo lina lake: lami iliyolainishwa na jua hubonyea chini ya magurudumu ya malori yaliyozidisha uzito. Mizani ya barabarani basi iwe sehemu ya mpango wako wa tabianchi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari imeweka ukomo wa tani 56; kila lori unaloliachia likiwa na zaidi linakula barabara ambayo jua limeshaidhoofisha.

Maji hayaanzii kwenye hifadhi ya barabara

Mamlaka yako yanaishia kwenye bikoni za hifadhi ya barabara. Maji yanatoka mbali. Reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe imesombwa na Mto Mkondoa na vijito vyake mara nyingi kiasi kwamba kukarabati tuta peke yake hakuwezi kuwa jibu. Mchanga unaoinua kitanda cha mto unatoka kwenye vilima vilivyolimwa na kuchungiwa kilomita nyingi juu. Jangwani jijini Dar es Salaam, karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa ndani ya bonde la Msimbazi, na mafuriko yakaifuata humo mara baada ya mara tangu huduma ianze mwaka 2016. Mabasi mazuri, barabara nzuri, mahali pasipofaa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde hilo, na kuhamisha karakana ni sehemu yake.

Kabla hujachagua eneo la karakana, stendi au ofisi, nenda Ofisi ya Maji ya Bonde ukaulize mto ule umewahi kufika wapi. Ni safari ya siku moja.

Na wewe pia unampelekea mtu maji. Mitaro yako inakusanya mvua ya kilomita nzima na kuimwaga kwenye shamba la mtu mmoja, na baada ya misimu michache pana korongo linaloanza kurudi kulekule barabarani. Kaa na wakulima kabla ya kuchagua sehemu za kumwagia. Huko Makueni na Kitui wakulima wengi wameyageuza maji ya barabara kuwa mali, wakiyaelekeza kwenye makinga maji na mabwawa ya shambani. Mtaro uliogawanywa katika midomo mingi midogo unawaridhisha majirani wengi. Uliokusanywa katika mdomo mmoja unakuletea kesi.

Kalenda, mikataba na mafungu

Mwaka wa fedha wa Tanzania unaanza Julai 1. Vuli huanza Oktoba, masika Machi. Mkataba wa kuzibua mitaro uliosainiwa Novemba umechelewa kwa mvua za kwanza, na uliosainiwa Februari unakaribia kuwa zawadi kwa mkandarasi, kwa sababu mvua itasukuma takataka na yeye ataomba muda wa nyongeza. Panga manunuzi ya matengenezo ya kawaida yaanze Aprili ya mwaka wa fedha uliotangulia, ili Julai na Agosti watu wawe mitaroni.

Badili pia unacholipia. Ukilipa kwa mita za ujazo za udongo ulioondolewa, mkandarasi anapata zaidi mtaro unapoziba zaidi. Lipa kwa hali: mtaro uwe wazi kila siku ya msimu, ukikaguliwa bila taarifa, na ukikutwa umeziba malipo ya mwezi yapungue. Kazi hii inafaa sana vikundi vya kijamii, vya wanawake na vijana wanaoishi kando ya barabara hiyo, ambao mvua ikianza saa nane usiku wapo tayari hapo. Walipe kwa wakati. Kikundi kilichodai malipo miezi minne hakitatoka na majembe mvua ya vuli ikianza.

Tenga fungu la dharura, na nusu yake iwe vitu badala ya fedha: mabomba, waya za gabioni, mawe yaliyokwishapasuliwa yakiwa yamerundikwa karibu na sehemu korofi tatu mbaya zaidi. Saini mapema mkataba wa bei zilizokubaliwa na wenye greda na malori. Bei ya mtambo siku barabara imekatika si bei ya kujadiliana.

Fedha zikiwa hazitoshi, na hazitatosha, anza na barabara isiyo na mbadala. Barabara ya lami yenye magari mengi inaweza kuwa na njia ya kuzungukia. Ya udongo inayopita magari kumi kwa siku inaweza kuwa ndiyo pekee ya kumfikisha mjamzito hospitali ya wilaya. Hesabu ya wingi wa magari haimwoni mjamzito huyo. Daftari lako linamwona.

Siku ya mvua

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa viwango vya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kila kiwango kiwe na kazi zake zilizoandikwa kwa majina. Kwenye angalizo, wakaguzi wapite sehemu korofi na simu zao ziwe na chaji. Kwenye tahadhari, mitambo isogezwe upande ambao haitakatwa na mto. Kwenye tahadhari kubwa, vizuizi viwe tayari vimefika vivukoni, pamoja na polisi.

Kubwa kuliko yote, iandikwe nani ana uwezo wa kufunga barabara bila kuomba ruhusa. Desemba 4, 2021, kwenye mto Enziu, Mwingi, kaunti ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka daraja lililofunikwa na maji. Zaidi ya watu 30 walikufa mbele ya macho ya watu waliosimama ukingoni. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 60 yanatosha kusomba magari mengi madogo, na dereva hawezi kuona kama chini yake barabara bado ipo. Mtu wako wa chini kabisa aliye kivukoni awe na mnyororo, kufuli na barua yenye muhuri inayompa haki ya kufunga. Akifunga na maji yasipande, msimlaumu.

Moshi nao ni wetu

Taasisi ya usafiri inayojenga makalavati makubwa huku ikijaza miji magari, ambayo moshi wake huongeza joto linalozidisha mvua, inajiongezea kazi. Sehemu yako ni ya kawaida kabisa: njia za waenda kwa miguu, njia maalumu za mabasi, na miti ya kivuli. Wakazi wengi wa Dar es Salaam na Nairobi hutembea au hupanda daladala na matatu. Kila mita ya njia ya miguu iliyochukuliwa na maegesho inamsukuma mtu kununua pikipiki. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza safari za Dar es Salaam–Morogoro mwaka 2024, inapunguza mabasi barabarani pale tu ambapo abiria anaweza kufika stesheni bila kupata shida kubwa kuliko ya safari yenyewe. Kuiunganisha stesheni na mtaa ni kazi ya wenye barabara.

Mjini unaweza kufanya mambo mawili kwa saruji moja: funika mtaro kwa slabu na slabu iwe njia ya miguu. Sharti ni moja. Kila slabu iwe nyepesi kiasi cha kuinuliwa na watu wawili kwa ndoano. Mtaro uliofunikwa kwa zege nzito hautasafishwa tena.

Uhamisho

Mameneja huhamishwa. Anayeondoka huwa anajua kivuko kipi kinadanganya na mkandarasi yupi anakimbia, na anayekuja hupewa funguo, gari na orodha ya samani. Weka daftari la sehemu korofi kwenye orodha ya makabidhiano, kwa nakala mbili, moja ofisini na moja kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kabla hamjasaini, pandeni gari na mwenzako mzitembelee zile kumi mbaya zaidi. Katika kila moja shukeni pamoja upande maji yanakokwenda, mpime shimo lililo mbele ya mdomo, na muandike kipimo hicho karibu na cha mwaka jana.